Kilo 45: ni wembamba wa kuzaliwa, au mwili unaniacha?

Shikamoo Shangazi, na mbukwenyi wasomaji wote wa safu hii.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, fundi cherehani hapa Dodoma mjini. Nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka minne. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kusemwa, na safari hii hata wataalamu wamenikataa.

Wiki iliyopita kulikuwa na zoezi la kuchangia damu karibu na tunaposhonea. Jirani yangu alijifungua mwezi wa tano kwa shida, akapona kwa damu ya watu asiowajua, nikasema na mimi nitoe yangu. Nikajaza fomu, nikapanga foleni na mafundi wenzangu. Nilipopanda mizani, dada aliyekuwa anapima akatazama, akaniambia nishuke nipande tena. Kilo 45. Akasema kwa sauti, foleni nzima inasikia, “Wewe huna uzito wa kutoa damu, kale kwanza.” Watu wakacheka. Nikarudi kwenye cherehani nikashindwa hata kutunga uzi.

Shangazi, wembamba wangu si wa leo. Shule ya msingi waliniita Sindano, sekondari wakaniita Njiti. Mama yangu ni mwembamba, marehemu baba alikuwa hivyohivyo. Urefu wangu ni mita 1.57. Nilipokuwa mjamzito watu walikuwa wanashangaa hilo tumbo limeshikilia wapi. Kwa hiyo nimezoea. Ila tangu niolewe maneno yamebadilika. Zamani ulikuwa utani, sasa ni “mbona umekwisha hivi?” na “mumeo hakutunzi?” Mume wangu anaumia, maana anaonekana hanilishi. Wengine wakinipa mgongo wanasema nimeungua. Nilipima miaka miwili iliyopita, sina virusi, lakini cheti utamwonyesha nani?

Mwezi wa nane mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Kondoa. Siku ya kwanza tu, nikiwa nafua, akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akakaa kimya. Kisha akasema, “Mwanangu, mwili haujengwi kwa matofali. Kula.” Nakula, Shangazi. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana kazi zikibana sili, usiku ugali na mlenda au maharage. Aliporudi kwao akanitumia vidonge vya kuongeza mwili, viko kwenye kifuko cha nailoni, havina jina. Anasema binti wa jirani yake alivimeza mwezi mmoja tu akajaa mashavu. Nimevificha kwenye droo ya cherehani ya nyumbani. Sijavimeza, lakini baada ya aibu ya juzi nilivitoa nikavitazama kwa muda mrefu.

Natumia sindano ya uzazi wa mpango, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu napimwa uzito. Kadi yangu inasema hivi: Februari 49, Mei 48, Agosti 47, Novemba 45. Unaona mwenyewe, siku zote niko chini ya 50, ndiyo mwili wangu. Siumwi. Kuchoka nachoka, lakini fundi gani hachoki watu wakidai nguo za Krismasi? Usiku naamka kanga imelowa jasho, lakini kwa joto hili la Dodoma kabla ya mvua, nani halowi? Kikohozi ninacho kidogo, ni haya mavumbi na manyoya ya vitambaa. Sketi zangu nimezipunguza kiuno mara mbili tangu Pasaka, na kwangu hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Naomba unijibu: kilo 45 kwa mtu kama mimi ni afya au ni ugonjwa? Na vile vidonge nivimeze? Mume wangu anatamani mtoto wa pili mwakani.

Fundi, Nkuhungu, Dodoma

---

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kwenda kutoa damu ukarudi na kicheko cha foleni ni jambo la kuumiza. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kwenye mkoa huu, nimepima watu kwa maelfu, na kuna neno moja ambalo muuguzi hatakiwi kulisema kwa sauti, nalo ni uzito wa mtu.

Ngoja nikueleze alichotakiwa kukueleza yule dada. Mtu mzima ana damu kama mililita 65 hadi 70 kwa kila kilo ya mwili wake. Wewe kwa kilo 45 una kama lita tatu. Mfuko mmoja wa kuchangia unachukua kama mililita 450, yaani wangekuchotea karibu sehemu moja ya saba ya damu yako yote. Mtu wa kilo 70 akitoa mfuko uleule anakuwa ametoa kama sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo maana kuna kiwango cha kilo 50. Kimewekwa ili mchangiaji asidondoke njiani akirudi nyumbani. Kukataliwa pale hakusemi kwamba unaumwa, na hakusemi kwamba huli. Hilo liweke pembeni, tena kwa amani kabisa.

Sasa kilo zenyewe. Hospitalini tunatumia kipimo kinachoitwa BMI: unachukua kilo zako, unazigawa kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwako 1.57 mara 1.57 ni 2.46, na 45 ukigawa kwa 2.46 unapata 18.3. Shirika la Afya Duniani limeweka mstari kwenye 18.5: chini ya hapo mtu mzima anahesabiwa kuwa na uzito pungufu, na chini ya 16 ni hali mbaya sana. Kwa urefu wako mstari huo unaangukia kwenye kilo 45.6. Yaani umepungukiwa gramu 600. Ungepanda mizani umeshika chupa ya maji ya nusu lita na mkasi wako wa kukatia, ungekuwa umeshavuka. Hakuna mwili unaokuwa mgonjwa au mzima kwa tofauti ya mkasi.

Na huo mstari wenyewe haukuchorwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Hesabu hii ilianza miaka ya 1830 na Mbelgiji aliyeitwa Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu na nyota ambaye hakuwa tabibu, aliyekuwa akitafuta umbo la mtu wa kati katika umati. Jina la BMI lilikuja 1972, alipolitoa Mmarekani Ancel Keys. Inafaa sana kuonyesha hali ya watu elfu kumi. Kwa mtu mmoja inatoa fununu tu. Haioni kama kilo zako ni nyama au mafuta, haioni miguu mirefu. Watu wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, kama wengi wa ndugu zetu Wamasai na Wamang'ati, hutoka na namba ndogo hata wakiwa na nguvu ya kutembea na ng'ombe kutwa.

Nina dada yangu tumbo moja, yuko Kongwa. Maisha yake yote hajawahi kufika kilo 46. Amezaa watoto watano kwa njia ya kawaida, analima mtama na alizeti, anabeba ndoo ya maji kichwani huku anaongea. Mama yetu alikuwa hivyo, na mjukuu wake mmoja ameshaanza kuwa hivyo. Dada yangu anakula kama mtu mwenye njaa anavyokula, halafu halimkai mwilini. Siku zake za mwezi hazikuwahi kukatika ila kwa mimba na kunyonyesha. Akijikata na jembe, wiki mbili kidonda kimefunga. Huyo ukimwambia ni mgonjwa unamwonea. Wembamba wa namna hii upo, ni wa damu na ukoo, na alama yake kubwa ni kwamba umetulia: mwaka huu kilo zilezile, mwaka jana kilo zilezile, nguo ya sikukuu ya miaka mitano iliyopita bado inamkaa.

Barua yako ingeishia kwenye Sindano na Njiti, ningekuandikia kwamba na wewe ni wa ukoo huo, ule vizuri, uwaache watu waseme.

Lakini haikuishia hapo, mwanangu. Uliandika kadi yako. Wewe ulizisoma zile namba nne ukaona zote ziko chini ya 50. Mimi nimeona 49, 48, 47, 45. Kilo nne zimeondoka ndani ya miezi tisa, na hukuzifukuza. Tena angalia zilivyoondoka: moja, moja, halafu mbili. Kilo nne kwa mtu wa kilo 49 ni zaidi ya asilimia 8 ya mwili wake. Mtu aliyepoteza asilimia 5 ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili bila kukusudia anatakiwa kutafutiwa sababu. Kwako hiyo asilimia 5 ilikuwa kilo mbili na nusu hivi, na umeshaipita. Na sindano ya uzazi wa mpango unayochoma, malalamiko ya wanawake wengi ni kwamba inawanenepesha. Wewe unapungua ukiwa unaitumia.

Kama namba hazikushawishi, nenda kwenye ushahidi wako wa kifundi. Chukua ile sketi uliyoipunguza, igeuze ndani nje, inyooshe kwenye mwanga. Utaona matundu ya mshono wa kwanza, ule wa zamani. Pembeni yake matundu ya mshono wa Pasaka. Halafu mshono wa sasa. Mteja angekuletea nguo ya namna hiyo, ukaona mistari mitatu ya matundu imesogea upande mmoja, ungejua bila kuambiwa kwamba huyu mtu anakwisha. Kwako umeita kazi ya dakika kumi.

Kwa hiyo swali lako nitaligeuza kidogo. Ulipokuwa na kilo 49, BMI yako ilikuwa karibu 20, ndani ya mstari kabisa. Ule ndio uliokuwa wembamba wako wa kuzaliwa, nao haukuwa na ubaya wowote. Hizi 45 ni jambo jingine. Umetaniwa tangu utotoni mpaka masikio yamekuwa sugu, na siku mwili ulipoanza kupungua kwa kweli, ukasikia ni wimbo uleule.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni visingizio. Jasho la usiku umelipa joto la Dodoma. Kikohozi umekipa vumbi. Uchovu umeupa Krismasi. Wembamba umeupa ukoo. Kila kimoja peke yake ningekikubali, maana joto la Novemba nalijua, na vumbi la mji huu nimelifagia mwenyewe. Lakini vyote vinne vikikaa kwa mtu mmoja, muuguzi yeyote wa Tanzania atafikiria kifua kikuu kwanza. Sisemi unacho. Nasema usilale wiki nyingine bila kupimwa. Hukuniambia kikohozi kina muda gani. Kama kimefika wiki mbili, hilo peke yake linatosha kukupeleka. Kwenye vituo vya serikali, kupimwa kifua kikuu na kutibiwa ni bure. Utapewa kikopo, utaambiwa utoe makohozi. Yatoke kifuani, si mate ya mdomoni. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kwa nguvu. Ya asubuhi ukiamka ndiyo mazuri. Mashine wanayopimia yenyewe hufanya kazi kama saa mbili, kinachorefusha ni foleni. Ikionekana unacho, kile cha kawaida kinatibiwa kwa vidonge vya miezi sita na kinapona, ilimradi usikatishe dawa mwezi wa pili ukishajisikia vizuri. Na yule mtoto wa miaka minne naye atatakiwa kuangaliwa, maana walio chini ya miaka mitano hupewa dawa za kinga wakiishi na mwenye kifua kikuu. Mpaka majibu yatoke, lala na dirisha wazi, na ukikohoa ziba mdomo kwa kitambaa au kiwiko.

Usiishie kwenye makohozi. Mwombe daktari akupime sukari, kwa sababu kisukari nacho hukondesha, hasa kama una kiu na unaamka kukojoa usiku. Upimwe wingi wa damu, na choo kwa ajili ya minyoo. Na tezi ya shingo: ikifanya kazi kupita kiasi, mwili unaunguza chakula kabla hakijakaa, moyo unakwenda mbio, joto linakukera kuliko wengine, mikono inatetemeka. Uliniandikia ulishindwa kutunga uzi siku ile. Kama ilikuwa hasira, sawa. Kama siku hizi tundu la sindano linakukwepa kila mara, nyoosha vidole mbele ya daktari aone. Mwambie pia kama moyo wako una mzigo; huzuni na wasiwasi hukata hamu ya chakula taratibu mpaka mwenye nao hajui. Alama moja tunayoitegemea kwa wanawake wembamba ni siku za mwezi, kwamba uzito ukishuka mno zinakatika. Kwako haisemi kitu, kwa sababu sindano yenyewe huzisimamisha.

Virusi vya UKIMWI pima tena, kwa sababu miaka miwili ni mingi na kwa sababu kipimo hicho huenda pamoja na cha kifua kikuu. Usipime ili kuwajibu wanaosema umeungua. Mimi ni wa umri wa kukumbuka hofu hii ilikotoka. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kule ugonjwa uliitwa Juliana kabla ya kupata jina lingine lolote. Watu walikonda mbele ya macho yetu hatuna cha kuwapa. Tangu hapo macho ya Watanzania yakajifunza kusoma mwili mwembamba kama cheti cha kifo. Dawa zimekuja, anayezimeza vizuri anaweza kuwa na mwili kuliko wewe na mimi, lakini macho hayajabadilika. Unene wa mtu hauwaambii kitu, na wembamba wako hauwaambii kitu.

Kwa faida ya wasomaji wengine: hili la kupungua haliwahusu wembamba peke yao. Niliwahi kuwa na mama mmoja kliniki, mfanyabiashara wa mazao, aliyetoka kilo 82 akafika 70 ndani ya nusu mwaka. Sokoni walikuwa wanampongeza, wanamwuliza anakula nini. Yeye mwenyewe alifurahi, akanunua magauni mapya. Sukari yake ilipopimwa ilikuwa imepanda mpaka ya kulazwa. Kilo 70 zilikuwa zinampendeza machoni, na hazikuwa afya hata kidogo. Na wapo mabinti wanaoniandikia wakijisifu kwamba wana kilo 42 kwa kushinda na maji na tango. Wembamba unaoshikiliwa kwa njaa na kwa kuogopa sahani si wa kuzaliwa, na huyo naye anahitaji daktari na mtu wa kuongea naye.

Sasa vidonge. Mwanangu, usivimeze. Visivyo na jina kwenye nailoni siwezi kuvijua, lakini dawa zinazouzwa sana kwa kazi hii ni deksamethasoni na siproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio. Inaongeza hamu ya kula na inaleta usingizi mzito, nawe unakaa mbele ya sindano inayokwenda mbio. Ya kwanza ndiyo inayojaza mashavu. Yale mashavu ni maji na mafuta yaliyohamia usoni, wakati misuli ya mikono na mapaja inaliwa, sukari na presha vinapanda, mifupa inalegea. Zaidi ya hayo inalaza kinga ya mwili. Kama kuna kifua kikuu kimejificha ndani yako, umekifungulia mlango. Na ikiwa kuna msomaji ambaye ameshaimeza kwa wiki kadhaa, asiache ghafla leo. Mwili huwa umeshasahau kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukatisha kwa mkupuo kunaweza kumwangusha. Aende hospitali na vidonge vyake mkononi, apunguziwe taratibu.

Usimkasirikie mama mkwe, lakini. Yeye hajakuona kila siku, ndiyo maana jicho lake liliona ambacho wewe na mumeo hamkukiona. Alipokushika juu ya kiwiko akanyamaza, alikuwa amepima vizuri kabisa. Hata sisi kliniki tunapima hapohapo, watoto tunawavisha utepe wa rangi kwenye mkono. Dawa yake ndiyo mbaya. Mpigie umwambie umekwenda kupimwa kwa sababu yake, atafurahi kuliko ungemeza.

Chakula nitakigusa, ingawa kisikucheleweshe kwenda hospitali. Chapati mbili asubuhi kisha hakuna kitu mpaka usiku ni njaa, hata kama umeizoea. Usijilazimishe kula sahani mbili za ugali, tumbo lako halitaweza. Ongeza vilivyobeba nguvu nyingi kwenye nafasi ndogo. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya ugali, kwa hiyo kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye mlenda, karanga za kusaga kwenye mboga za majani, parachichi, mayai, maziwa ya mgando na ugali wa uwele. Weka karanga za kukaanga karibu na cherehani, uwe unakula kiganja kimoja saa nne na kingine saa tisa. Karanga zenyewe zichambue: iliyosinyaa, yenye ukungu, chungu, itupe, usimpe hata kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Chemba na Kondoa kwenye nafaka zilizoshika ukungu, na kukaanga hakuiondoi yote. Chai unayokunywa na chakula isogeze saa moja mbele, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na mchana mwambie mama ntilie akuletee wali maharage hapo hapo kwenye meza. Nguo ya mteja itasubiri dakika ishirini.

Mtoto wa pili atakuja, lakini asije sasa hivi. Endelea na sindano mpaka sababu ya kupungua ijulikane na kilo zirudi karibu na pale pa Februari. Mwanamke akianza mimba akiwa na uzito pungufu, hatari ya kuzaa mtoto mdogo, wa chini ya kilo mbili na nusu, inaongezeka. Mumeo mwonyeshe kadi. Mwanaume anayeumia kwa maneno ya watu ataumia kidogo zaidi akiona zile namba, kisha atakusindikiza.

Jumatatu asubuhi nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya mkoa. Usianze kwa kusema “mimi ni mwembamba tangu zamani”, maana daktari mwenye foleni ndefu atakuamini na kukurudisha nyumbani. Sema hivi: “Nimepungua kilo nne kwa miezi tisa, natokwa jasho usiku, nakohoa, nachoka.” Mpe kadi ya uzazi wa mpango aisome. Ukikohoa damu, ukishindwa kupumua vizuri au ukizimia kabla ya Jumatatu, usisubiri, nenda siku hiyohiyo. Baadaye, majibu yakishapatikana, jipime mara moja kwa mwezi, mizani ileile, asubuhi, umeshatoka chooni, hujanywa chai, na nguo nyepesi. Mizani ya vijana wa stendi ikiwekwa kwenye ardhi isiyo sawa itakudanganya. Tepu yako ya kushonea haitakudanganya: pima mkono pale aliposhika mama mkwe, uandike tarehe.

Na leo kabla hujalala, fungua ile droo uvitoe vile vidonge, uvifunge vizuri uende navyo hospitali ukamkabidhi mfamasia. Una mtoto wa miaka minne ndani ya nyumba, na droo ya cherehani, yenye vifungo vya rangi na vibobini, ndiyo ya kwanza watoto kuifungua.

Niandikie majibu yakitoka.

Shangazi yako